Mshikaki wa Bi Moza

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bwana Hija Ame ni mkono wake wa kulia. Haukuwa na hata laika moja, hata unywele mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa na malaika kama ya mwanamume yeyote wa miaka hamsini na tisa, machache meusi na mengi meupe, lakini wa kulia, kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko, ulikuwa laini kama mkono wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nilidhani ni maradhi. Wateja waliokaa kwenye benchi waliona ninavyoutazama, wakacheka.

"Usimwonee huruma," aliniambia mmoja wao, mwendesha bodaboda aitwaye Hafiz. "Huyo hanyoi. Hunyolewa na moto."

Bwana Hija huchoma mishikaki mjini Konde, kaskazini ya Pemba, jirani na pale gari za abiria za kwenda Wete zinapogeuzia. Huanza baada ya sala ya alasiri na hufunga kabla ya isha. Siku ile nilipomwona, mwaka jana, alikuwa bado anatumia mkaa. Hakuwa na kipimo cha moto isipokuwa ule mkono. Aliuweka juu ya makaa, kiganja chini, kwa kimo cha shubiri moja, kisha akasoma Bismillahi kamili, akairudia, kwa sauti ndogo, bila haraka. Akiweza kuimaliza ya tatu na mkono bado upo, moto haujafika. Akishindwa kuimaliza ya pili, moto umezidi, na nyama itaungua nje ibaki mbichi ndani. Moto wa mshikaki, alinieleza, ni ule unaomwachia kumaliza ya pili na kumfukuza katikati ya ya tatu.

"Na ukisoma kwa haraka?" nilimuuliza.

"Nitakuwa namdanganya nani?" alijibu. "Nyama haidanganyiki."

Alizaliwa Kojani, kisiwa kidogo upande wa mashariki ambako watu wake ni wavuvi tangu mababu, na ambako hakuna njia ya kufika isipokuwa kwa chombo. Mtoto wa kiume wa Kojani hujua kushika kasia kabla hajajua kujifunga kikoi. Hija alijua kushika kasia, lakini bahari ilimlewesha. Si bahari chafu peke yake. Hata maji yakiwa yametulia kama chai ndani ya kikombe, yeye alitapika. Alipotimiza miaka kumi na minne baba yake alimchukua kwenda dago, yaani ile kambi ya mbali ambako wavuvi huhamia kwa wiki kadhaa kufuata samaki. Siku nne za mwanzo alilala chini ndani ya chombo akiwa hajiwezi. Siku ya tano nahodha akasema mbele ya mabaharia wote, "Mwacheni huyu nchi kavu. Angalau atutie chakula tumboni badala ya kukitoa."

Ndivyo alivyoanza kuchoma. Kila siku aliwachomea samaki watu kumi na mmoja, kwa kuni za kuokota na wavu wa chuma uliokwishaota kutu, juu ya mchanga. Aliporudi Kojani baada ya safari tatu alikuwa na jina jipya, Mkojani wa Nchi Kavu, na jina hilo halijamtoka. Wapo wanaomwita hivyo hadi leo wakipita na gari, na yeye huinua kibanio chake cha chuma kuwasalimia.

"Watu husema bahari ilinikataa," aliniambia. "Haikunikataa. Ilinionyesha mlango wa jikoni."

Konde amekaa miaka ishirini na sita. Seredani yake, yaani jiko lake la mkaa, aliitengenezesha kwa pipa lililopasuliwa katikati, na kwa nyama yake ametoa siri zote isipokuwa moja: papai bichi kidogo, tangawizi, thomu, ndimu na pilipili manga, lakini kiasi cha chumvi anakijua yeye na mkewe tu. Mkewe ni Bi Moza. Ana duka la kanga na madira upande wa pili wa barabara, ukuta kwa ukuta na duka la vyombo, kiasi kwamba akiinua uso kutoka kwenye daftari la mahesabu yake anamwona mumewe, na mumewe akiinua uso kutoka kwenye moto anamwona yeye. Binti yao Nusaiba ameolewa Mkoani. Nyumbani wamebaki wawili.

Tangu walipooana palikuwa na desturi moja. Mshikaki wa kwanza kutoka motoni, kila siku, haukuuzwa. Bwana Hija aliutia ndani ya mkate wa boflo, akavuka nao barabara, akampa Bi Moza. Bi Moza aliula akiwa amesimama mlangoni pa duka, na kwa namna alivyotikisa kichwa, mumewe alijua kama chumvi imekaa sawa siku hiyo. Wateja wote wa Konde walijua kwamba hawatapata chochote mpaka kichwa kile kitikisike.

Kisha kikaja kikohozi. Mwanzo kilikuwa kikohozi cha asubuhi, halafu cha asubuhi na jioni, halafu Bwana Hija akawa hawezi kupanda ule mlima mdogo wa kwenda msikitini bila kusimama mara mbili. Bi Moza alimpeleka hospitali. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, alikisikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Unavuta sigara, mzee?"

"Sijawahi kuitia mdomoni."

"Unafanya kazi gani?"

Bwana Hija akamweleza. Daktari akakivua kile chombo chake masikioni. "Basi huvuti sigara," alisema. "Unavuta jiko zima."

Akamwambia wazi kwamba akiendelea na moshi wa mkaa, kifua hakitarudi. Bwana Hija aliitikia kila neno kwa adabu, akachukua dawa, na kesho yake alasiri akawasha seredani kama kawaida. Mshikaki wa kwanza ulipoiva akautia ndani ya boflo, akavuka barabara. Bi Moza hakunyoosha mkono kuupokea.

"Tangu leo miye sili mshikaki wako, Baba Nusaiba," alimwambia. "Sili kitu kinachokula kifua cha mume wangu."

Bwana Hija alidhani ni hasira za siku moja. Zilipita siku, ukapita mwezi, ikapita miezi. Bwana Hija aliendelea kuuchoma ule mshikaki wa kwanza, akauweka pembeni ya seredani, na baada ya muda, alipoona kichwa cha mkewe hakiinuki, akampa mpita njia yeyote. Alijaribu kuacha. Mara moja alifunga kwa wiki mbili, akakaa nyumbani akikohoa vilevile na kumuudhi kila mtu. Kazi nyingine haijui, wala haitaki, na alinieleza jambo hili bila haya: mtu akimwondolea moto hatajua jioni aufanyie nini mkono wake.

Aliyeleta matumaini ni Suhail, mtoto wa kaka yake, anayefanya kazi Maskati. Huko aliona jiko la kuchomea lisilotumia mkaa, akalinunua kwa mtu aliyekuwa anahama, akalipakia melini. Lilishushwa bandarini Mkoani, likavuka kisiwa chote juu ya lori, likateremshwa Konde mbele ya watu wengi kuliko waliokuja kwenye harusi ya Nusaiba. Lilikuwa sanduku refu jeusi lenye miguu minne, mfuniko, bomba la moshi, sanduku dogo la pembeni, na waya wa umeme.

Bi Moza alilizunguka mara moja. "Baba Nusaiba, hili ni friji au jeneza?"

"Ni jiko."

"Jiko gani lina waya?"

"La peleti."

"Na peleti ndiyo nini?"

Jibu lilikuja ndani ya gunia, mgongoni pa fundi Seif. Seif ni seremala, rafiki wa Bwana Hija wa miaka mingi, na nyuma ya karakana yake ana mashine aliyoinunua kwa kushindilia chakula cha kuku. Suhail alikuwa amemtumia maelezo kwa simu, naye akaacha chakula cha kuku akaanza kushindilia unga wa mbao za mwembe na mfenesi anazozipasua kwa milango. Zilitoka peleti nzuri, vijiti vifupi vya duara, vigumu, vinavyong'aa kidogo, kila kimoja kama kidole cha mtoto mchanga. Zilifanana mno na chakula cha kuku. Kuku wa Bi Moza walizidonoa mbili tatu, wakamtazama Seif, wakaondoka zao.

Kabla jiko halijawashwa, Bi Moza alimrudisha mumewe kwa daktari na kumweleza habari zote. Daktari hakutoa ahadi kubwa. Moshi ni moshi, alisema, lakini mchache ni afadhali ya mwingi. Alimtaka Bwana Hija atumie jiko hilo miezi mitatu, asimame upande unakotoka upepo, asiguse mkaa hata siku moja, kisha arudi kupimwa.

Hapohapo, mbele ya daktari, Bi Moza aliweka sharti lake. "Miezi mitatu. Kifua kikiwa kimepata nafuu, nitakuja mwenyewe kwenye benchi lako, nile mshikaki wa kwanza mbele ya watu. Kama hakikupata nafuu, seredani na hilo friji lako vyote vinaondoka, na weye unakuja dukani kwangu kukunja kanga."

Bwana Hija anasema hajawahi kuziogopa kanga kama siku ile.

Tatizo likawa kwamba jiko lilikuwa jema kwa kifua lakini si kwa nyama. Bwana Hija alivuta umeme kutoka kwa kinyozi jirani, akajaza peleti, akabonyeza pale alipoelekezwa. Ndani ya jiko skrubu ndefu ilizunguka polepole, ikizisogeza peleti kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha chuma kilicho chini kabisa, na feni ndogo ikazipulizia moto. Moshi ulikuwa mchache mno, wa rangi ya maziwa, nao ulitoka kwa adabu kwenye bomba. Alipofunika mfuniko na kufunua baada ya dakika kumi na tano, nyama ilikuwa imeiva. Lakini ilikuwa nyeupe. Haikuwa na ule weusi wa pembeni, wala mafuta yaliyokauka kwenye ncha, wala ile harufu inayomfanya mtu aliyeshiba akumbuke njaa.

Hafiz aliuma kipande kimoja, akakitafuna kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. "Bwana Hija," aliuliza, "nyama hii imechomwa, au imehadithiwa habari za moto?"

Benchi zima likacheka. Mtu mwingine akasema nyama imepata homa. Bwana Hija alicheka nao, kwani mchomaji asiyeweza kutaniwa hawezi kukaa Konde, lakini wiki ya pili benchi lilikuwa na watu watatu, na wiki ya tatu Hafiz mwenyewe alianza kusimamisha pikipiki yake mbele ya muuza chipsi. Mkaa ulikuwa bado umo ndani ya gunia nyumbani, na seredani imeegemezwa ukutani. Alasiri mbili tatu, aliniungamia, aliingia uani akaitazama.

Jambo jingine lililomuuma sikulitarajia. Siku moja alinionyesha mkono wake wa kulia kama mtu anayeonyesha jeraha. Malaika yalikuwa yameanza kuota.

"Unaona?" alisema. "Hili jiko halinijui."

Sasa, upande wa kulia wa jiko palitokeza kishikio kidogo cha chuma. Bwana Hija alikiona tangu siku ya kwanza, na akamwombea dua aliyelitengeneza jiko kwa kumfikiria mchomaji, maana palikuwa pahala pazuri kabisa pa kutundika taulo la kufutia mikono. Taulo lilitundikwa hapo kila siku. Mwisho wa wiki ya tatu alipiga picha ya mishikaki yake, akamtumia Suhail, na Suhail akapiga simu palepale.

"Ami, mbona nyama imepauka? Umekifungua kidirisha?"

"Kidirisha gani?"

"Cha kwenye bamba, ami. Juu ya moto pana bamba la chuma, linautawanya moto usiifikie nyama moja kwa moja. Linafaa ukitaka kuoka kuku mzima polepole. Lakini katikati lina kidirisha. Ukikifungua, nyama inaupata moto wenyewe, ana kwa ana. Vuta kile kishikio cha upande wa kulia."

"Upande wa kulia pana pahala pa taulo."

Suhail akakata simu. Baada ya dakika moja uliingia ujumbe wa sauti. Bwana Hija ameuhifadhi na aliniwekea niusikie: ni sekunde arubaini za kicheko, hakuna neno hata moja.

Alasiri ile aliondoa taulo, akakivuta kishikio. Bamba lilijitenga katikati, na ndani yake ukaonekana moto mwekundu ukirukaruka ndani ya kikombe. Akauweka mkono juu, kwa kimo cha shubiri. Alimaliza Bismillahi ya kwanza. Alimaliza ya pili. Katikati ya ya tatu akaurudisha mkono kwa ghafla, na uso wake, wanasimulia waliokuwapo, ulikuwa kama wa mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni. Akapanga mishikaki minane juu ya kidirisha. Nyama ililia. Harufu ikavuka barabara, na Bi Moza akainua kichwa.

Ndipo mafuta yalipodondoka, na ulimi wa moto ukapanda hadi kwenye vijiti.

Mchomaji anayetumia mkaa anajua la kufanya hapo. Ana chupa ya plastiki yenye mfuniko uliotobolewa, ndani yake maji ya chumvi, na moto ukipanda huunyunyizia mara moja, ukatulia. Bwana Hija amefanya hivyo kwa miaka ishirini na sita. Mkono wake wa kushoto haumuulizi ruhusa. Aliinyakua chupa, akanyunyiza. Moto haukutulia, akanyunyiza tena, kwa wingi.

Peleti ni unga wa mbao ulioshikana kwa sababu ni mkavu. Zikinywa maji huvimba na kurudi kuwa unga. Kikombe cha moto kikajaa uji wa mbao, skrubu ikaendelea kusukuma peleti nyingine juu yake, feni ikaendelea kupuliza, na moshi mzito wa manjano ukafumka kutoka kila upande wa jiko. Bwana Hija alikuwa ameinama juu yake. Alikohoa mpaka akashika nguzo ya umeme kwa mikono miwili. Bi Moza alivuka barabara bila kutazama gari, akamkalisha kwenye benchi, akampa maji. Alingoja kikohozi kiishe.

"Imebaki miezi miwili na siku chache," alimwambia. "Naanza kukutafutia kiti dukani."

Seif alilifungua jiko na kukuta unga wa mbao umegandamana ndani ya bomba la skrubu kama lipu ya ukuta. Ilimchukua siku moja na nusu kuubandua, kwa patasi na ufito mrefu, huku akilalamika.

"Miye nahangaika wiki nzima kuukausha unga huu ushikane," alisema, "weye unaurudisha ulikotoka kwa dakika moja."

"Sasa mafuta yakidondoka nifanyeje? Niuangalie tu?"

"Funika mfuniko, ukose hewa."

"Nikifunika siioni nyama."

"Basi sijui, Mkojani. Miye ni fundi wa milango."

Walikaa wawili mbele ya jiko lililopoa. Bwana Hija alinisimulia kwamba aliwaza mambo mengi, na kiti cha dukani kikiwa kimojawapo, mpaka akalikumbuka dago. Kule kwenye mchanga moto wa kuni ulipanda kila siku, na samaki wale wana mafuta kuliko ng'ombe. Mbona hakuwahi kuunyunyizia maji? Kwa sababu maji matamu yalikuwa ndani ya mapipa mawili, ya kunywa watu kumi na mmoja, na nahodha angemtupa baharini mtu aliyemwaga kikombe kimoja motoni. Akiwa kijana wa miaka kumi na minne alikuwa akifanya nini? Alikuwa akiwahamisha samaki. Wavu ulikuwa na upande wa moto na upande wa mawe. Ulimi wa moto ukipanda, samaki wanasogezwa kwenye mawe, moto ukila mafuta yake na kushuka, wanarudishwa. Alikuwa ameyajua hayo kabla hajaijua chupa. Mkaa wa Konde na maji ya bomba ndivyo vilivyomsahaulisha.

"Seif," alisema, "hapa moto hautulizwi. Nyama ndiyo inayohama."

Siku ya pili alianza upya. Kidirisha katikati kikawa upande wake wa moto, na bamba la pembeni, lililo moto bila ulimi, likawa mawe yake. Mishikaki ilianzia katikati, ikapata alama zake nyeusi kwa dakika moja na nusu kila upande, na ulimi wa moto ulipopanda ikasogezwa pembeni kwa kibanio, ikafunikwa kidogo, ikamalizika kuiva hapo taratibu. Nyama alikuwa ameipata. Shida ilibaki kwa mkono wa kushoto. Mara tatu jioni ile uliifuata chupa wenyewe, na mara ya tatu kifuniko kilikuwa kimeshaelekea chini. Bwana Hija aliiweka chini, akafuta mikono, kisha akaichukua, akavuka nayo barabara.

"Niwekee hii," alimwambia mkewe. "Nikija kuiomba, usinipe."

Bi Moza aliitazama chupa, akamtazama yeye. Kisha akaipandisha kwenye rafu ya juu, katikati ya doti za kanga, mahali ambapo mumewe angeweza kuiona kutoka kwenye jiko lake lakini asingeweza kuifikia.

"Aliijia mara ngapi?" nilimuuliza Bi Moza.

"Mara moja tu," alijibu. "Akafika mlangoni, akajifanya anauliza habari za Nusaiba."

Wateja walirudi kwa namna wanavyorudi wateja, mmoja akijifanya anapita tu. Hafiz alisimamisha pikipiki bila kuizima, akaagiza mmoja, akautafuna akiwa juu ya kiti cha pikipiki. Kisha akaizima.

"Haya," alisema. "Sasa hii imeuona moto kwa macho yake."

"Na chipsi zako?" Bwana Hija alimuuliza.

"Chipsi ni za wagonjwa, mzee wangu. Niongeze minne."

Na malaika ya mkono wa kulia yaliondoka tena, yote kwa siku moja, moto wa kidirisha ulipomwahi wakati anasoma. Alivuka barabara kwenda kumwonyesha mkewe. Bi Moza alisema hajaona mtu mzima anayefurahia kuungua, lakini aliupaka ule mkono mafuta ya nazi.

Nimekuwa nikipita hapo karibu kila wiki, na nimejifunza kuona vitu vidogo. Peleti sasa hukaa ndani ya ndoo yenye kifuniko, kwa sababu mvua ya Konde haipigi hodi. Umeme ukikatika, Bwana Hija hana la kufanya isipokuwa kukaa na kusimulia habari za dago, na wapo wateja wanaopenda umeme ukatike. Husimama upande unakotoka upepo, kama alivyoambiwa. Zamani alikohoa kati ya kila sentensi mbili, na mimi nilikuwa naziandika habari zake kwa kusubiri kikohozi kipite. Siku hizi kalamu yangu ndiyo inayochelewa.

Jumatatu iliyopita miezi mitatu ilitimia. Walikwenda hospitali wote wawili, Bwana Hija akiwa amevaa kanzu kama mtu anayekwenda kuposa. Daktari alikisikiliza kifua mbele na nyuma, akampulizisha ndani ya mrija, akaandika, akampulizisha tena.

"Kimepata nafuu," alisema. "Hakijapona chote, na pengine hakitapona chote. Lakini njia hii iendelee."

Bi Moza akamwomba arudie, na daktari akarudia.

Waliporudi, mle garini, Bi Moza alikaa upande wa dirisha. Bwana Hija hakuthubutu kumkumbusha sharti lake. Walipokaribia Konde, pale ambapo majamvi ya kuanikia karafuu yameanza kutandikwa kando ya barabara, Bi Moza akasema akiwa anatazama nje.

"Alhamisi, baada ya alasiri. Usinichomee mnofu mkavu. Nataka kipande chenye mafuta."

"Chenye mafuta," alisema Bwana Hija.

"Na chupa yako nitakuja nayo. Nimeiosha, nimeitia ukwaju wa kulia mishikaki."

Leo ni Jumatano. Nimemkuta Bwana Hija ametoka kwa muuza nyama, amechagua mwenyewe nyama ya mbavu, na amerudi kwake mara mbili kwa sababu ya kipande kimoja. Kiti kimeazimwa kwa kinyozi na kimetandikwa kanga safi, na hakuna anayeruhusiwa kukikalia; Hafiz alijaribu, akafukuzwa kwa kibanio. Hafiz mwenyewe ametangaza kwamba kesho saa hiyo hapakii abiria, hata akiwa mgonjwa. Seif ameleta gunia la peleti za mfenesi mtupu, kavu, alizozianika siku nne.

Furaha haikumzuia Bwana Hija kuwa na hofu. Wateja wengine wote, aliniambia, walikuwa wanakula mishikaki ya Konde. Bi Moza peke yake ndiye aliyekula mshikaki wa kwanza wa kila siku, kwa miaka yote ile ya mkaa, na hakuna mwingine anayejua kama ladha ni ileile. Kichwa chake kikitikisika, kimetikisika. Kisipotikisika, Konde nzima itakuwa imeona.

"Utafanyaje?" nilimuuliza.

"Nitachoma mwingine keshokutwa," alisema. "Mkataba ulikuwa wa kifua, na kifua nimekishinda. Lakini nataka kile kichwa kitikisike, mwanangu. Nakitaka sana."

Alikuwa anachanganya tangawizi na thomu kwa mkono wa kushoto. Alitia chumvi, akaonja kwa ncha ya ulimi, akatazama ng'ambo ya barabara. Bi Moza alikuwa anampimia mteja dira, na nyuma yake, kwenye rafu ya juu, chupa ilikuwa imejaa ukwaju hadi shingoni. Bwana Hija akaongeza chumvi chembe chache tena, akafunika bakuli, akaniuliza kama nina hakika kesho ni Alhamisi.